Je, Wajua Kwa Nini Mvua Ikikatiza Kriketi, Timu Yenye Mikimbio Michache Inaweza Kutangazwa Mshindi?

Timu ya kwanza imepiga ova zake zote 50 (ova moja ni mipira 6) na kuweka mikimbio, yaani alama, 250. Ya pili imeingia kuifukuzia, imefikisha 130 katika ova 30 na imepoteza wiketi 2 tu, yaani wapigaji wake 2 wametolewa. Mara mvua inashuka, uwanja unafunikwa maturubai, na mchezo haurudi tena. Waamuzi wanatangaza kwamba timu yenye 130 imeshinda.

Namba hizo nimezichagua mwenyewe ili hesabu iwe nyepesi, ila ubishi wake ni wa kweli kabisa. Hapa Mbeya, upande wa Mwanjelwa, kuna duka la vifaa vya ujenzi ambalo televisheni yake haikosi kriketi India inapocheza, na mvua ikiingilia mechi, wateja husahau misumari waliyoifuata. Kijana mmoja, ambaye mkeka wake ulikuwa umechanika kwa matokeo ya namna hiyo, alikuwa anapiga hesabu ya wastani kwenye simu na kuionyesha duka zima: chukua mikimbio ya timu ya kwanza, gawanya kwa ova zake, zidisha kwa ova ambazo timu ya pili imecheza. Kwa namba zetu, 250 kwa ova 50 ni 5 kila ova, hivyo ova 30 zinadai 150. "Wamepungukiwa, halafu wanapewa ushindi? Huu ni wizi, mzee." Mwenye duka, mtu mzima aliyeifuatilia kriketi tangu utoto wake, akamuuliza jambo moja tu: "Wiketi umezihesabu, mwanangu?"

Jibu lote limo ndani ya swali hilo.

Katika kriketi ya siku moja kila timu huingia na vitu viwili vya kutumia: ova 50, yaani mipira 300, na wiketi 10. Ova zikiisha umemaliza. Wiketi zote zikianguka umemaliza pia, hata kama ova 20 hazijaguswa. Mkulima wa viazi kule Uporoto analijua jambo hili bila kufundishwa: siku 20 za kuvuna ukiwa na vibarua 8 si sawa na siku 20 zilezile ukiwa na vibarua 2. Timu yenye wiketi 8 mkononi inaweza kuanza kupiga kwa nguvu bila woga, kwa sababu akitoka mmoja wapo wengine nyuma yake. Iliyobakiza 2 inajilinda tu isifutike. Tena ova za mwisho kwa kawaida huzaa mikimbio mingi kuliko za katikati, maana wapigaji hawana tena cha kuwekea akiba. Hesabu ya wastani haiyaoni haya yote. Inachukulia kwamba ova ya 12 na ova ya 48 ni kitu kimoja, na kwamba wiketi hazina bei.

Kanuni inayotumika leo inaitwa Duckworth-Lewis-Stern, kwa kifupi DLS, na kazi yake ni kuzipa wiketi na ova bei ya pamoja. Ova 50 zikiwa bado zote na wiketi 10 zote zimesimama, timu ina asilimia 100 ya rasilimali zake. Kuanzia hapo jedwali la kanuni hiyo linashuka. Zikibaki ova 20 na wiketi 10, zimebaki asilimia 56.6. Ova hizohizo 20 ukiwa na wiketi 8 ni 52.4, ukiwa na 6 ni 44.6, ukiwa na 4 ni 30.8. Ukiwa na 2 ni 11.9 tu, na hapo kuna jambo linalonivutia sana: kwa wiketi 2, jedwali linakupa 11.9 uwe umebakiza ova 20, ova 30 au hata 50. Timu iliyobakiza wapigaji wa mwisho haitarajiwi kuishi kiasi cha kuzitumia ova hizo.

Sasa turudi kwenye 250. Timu ya pili ilisimamishwa ikiwa na ova 20 na wiketi 8, kwa hiyo haikupewa nafasi ya kutumia asilimia 52.4. Imetumia 47.6. Asilimia 47.6 ya 250 ni 119. Hicho ndicho kiwango cha sare, na mwenye 130 amekipita. Ingekuwa imepoteza wiketi 4, kiwango kingepanda hadi 138 na 130 hiyohiyo ingekuwa ya kushindwa. Ingepoteza 6, ingetakiwa iwe imeshafika 173. Hesabu ya kijana inatoa 150 kwa hali zote tatu, na hapo ndipo inapokosea.

Mvua ikikata ova chache kisha mchezo ukarudi, njia ni ileile. Tuseme mapumziko yamekula ova 10 kati ya zile 20. Kabla ya mvua ilibaki 52.4, baada ya mvua, kwa ova 10 na wiketi 8, inabaki 30.8. Kilichopotea ni 21.6. Timu sasa ina 78.4 kwa jumla, na asilimia hiyo ya 250 ni 196. Lengo jipya ni 197, maana ushindi unahitaji mkimbio mmoja juu ya sare. Kikokotoo cha simu kinatosha. Katika mechi za kimataifa hutumika toleo la kompyuta ambalo huzingatia pia mikimbio mikubwa ya siku hizi, kwa hiyo namba zake zinaweza kutofautiana kidogo na za jedwali.

Kabla ya kanuni hii watu walihangaika. Njia ya wastani ilitawala miaka mingi, na ilijulikana kwamba inaipendelea timu ya pili: ikipewa ova 30 badala ya 50 dhidi ya 250, ilitakiwa ipate 151 tu, na wiketi zote 10 za kuchezea. Jedwali la leo lingedai 188. Ndipo ikaja kanuni kutoka Australia iliyosema tufute ova ambazo timu ya kwanza ilipata mikimbio michache zaidi. Ilionekana ya busara. Kilichotokea Sydney tarehe 22 Machi 1992, kwenye nusu fainali ya Kombe la Dunia, kiliizika.

England ilikuwa imepata 252 katika ova 45. Afrika Kusini, ikicheza Kombe la Dunia kwa mara ya kwanza baada ya miaka mingi ya kutengwa kwa sababu ya ubaguzi wa rangi, ilibakiza mikimbio 22 kwa mipira 13. Ni kazi ngumu, lakini watu wamewahi kuiweza. Mvua ikanyesha kwa dakika kama 12 na ova 2 zikakatwa. Kwa kanuni ile, zilifutwa ova 2 mbaya kuliko zote za England, ambazo kwa pamoja zilikuwa na mkimbio 1 tu. Yaani mipira 12 iliondoka na mkimbio mmoja. Ubao wa uwanja ukaandika 22 kwa mpira 1. Hesabu sahihi ilikuwa 21, na hata hiyo hakuna mpigaji duniani wa kuipata kwa mpira mmoja. Brian McMillan, mpigaji wa Afrika Kusini, akausukuma mpira wa mwisho, akachukua mkimbio mmoja, wakatoka nje.

Kila nikisoma habari za mechi ile roho inaniuma. Ova zilizofutwa zilikuwa zile ambazo warushaji wa Afrika Kusini waliwabana wapinzani vizuri kuliko nyingine zote. Waliadhibiwa kwa kazi yao nzuri. Hesabu zilizofanywa baadaye kwa kanuni ya Duckworth na Lewis zinaonyesha kwamba kwa mpira ule mmoja wangehitaji 4 kupata sare na 5 kushinda.

Frank Duckworth na Tony Lewis walikuwa Waingereza, wataalamu wa takwimu. Kanuni yao ilitumika mara ya kwanza kwenye mechi ya kimataifa hapa Afrika, Harare, tarehe 1 Januari 1997, Zimbabwe ilipoifunga England kwa mikimbio 7. Lewis alifariki mwaka 2020 na Duckworth mwaka 2024. Steven Stern alikabidhiwa kanuni hiyo mwaka 2014, ndipo jina lake likaongezwa.

Kanuni nzuri, hata hivyo, haimsaidii asiyeisoma vizuri. Tarehe 3 Machi 2003 mjini Durban, Afrika Kusini, wakiwa wenyeji wa Kombe la Dunia, walikuwa wanaifukuzia Sri Lanka yenye 268. Mvua ilikuwa inazidi, na wapigaji walitumiwa ujumbe kwamba wanatakiwa wawe na 229 mwisho wa ova ya 45. Mpigaji wao Mark Boucher akaupiga mpira wa Muttiah Muralitharan, mrushaji wa Sri Lanka, akapata mikimbio sita kwa pigo moja, 229 ikatimia. Mpira uliofuata, wa mwisho wa ova, akauzuia tu taratibu, asije akapoteza wiketi bure. Mchezo ukasimamishwa hapohapo. Ndipo ikajulikana kwamba 229 ilikuwa ya sare. Ushindi ulitaka 230. Wenyeji wakaaga mashindano kwa mkimbio mmoja ambao hawakujaribu hata kuuchukua, na katika kundi lao Kenya ikasonga mbele hadi nusu fainali. Ndiyo maana ukiona namba ya DLS kwenye skrini, uliza kwanza: hii ni ya sare au ya kushinda?

Kuna hukumu nyingine inayochemsha duka kuliko hata ile ya kwanza: timu ya pili kupewa lengo kubwa kuliko mikimbio ya timu ya kwanza, ilhali zote zimecheza ova sawa. Novemba 2008 mjini Bangalore, India ilipata 166 katika ova 22, na England ikaambiwa itafute 198 katika ova 22 hizohizo. Ikaishia 178, ikafungwa kwa mikimbio 19. Mtu aliyefungua televisheni akiwa amechelewa aliona 178 dhidi ya 166 na kudhani England imeshinda.

Haki yake iko hivi. Timu ya kwanza ilianza ikipanga safari ya ova nyingi. Ilipiga kwa tahadhari, ikaweka wiketi akiba, halafu mvua ikaikatia njiani kabla haijatumia ile akiba. Timu ya pili inajua tangu mpira wa kwanza kwamba ova ni 22 tu na wiketi ni 10, kwa hiyo inaweza kupiga kwa nguvu mwanzo mpaka mwisho. Kanuni inaipima tofauti ya rasilimali hizo na kuongeza mikimbio. Kwenye jedwali la kawaida, timu iliyokatizwa ikiwa na 150 katika ova 30 kwa kupoteza wiketi 2 ilikuwa imetumia 47.6 tu, na mpinzani wake mwenye ova 30 kamili ana 75.1. Pengo la 27.5 linazidishwa kwa 245, ambayo ni mikimbio ya wastani wa ova 50 iliyowekwa kwenye toleo hilo, na lengo linakuwa 218. Mimi naona ni sawa, ingawa nakubali kwamba ukiwa na jazba ni vigumu kulimeza.

Wapo wenye hoja nzito dhidi ya DLS. Kwa jedwali, wiketi ni wiketi: akitoka mpigaji bora wa timu au akitoka wa mwisho, kinachopungua ni kimoja. Haiangalii pia kama mpira umelowa na unateleza mkononi mwa mrushaji. Kule India, mhandisi V. Jayadevan wa Kerala alitengeneza kanuni yake, ikatumika katika baadhi ya mashindano ya ndani, lakini ya kimataifa imebaki kuwa DLS. Na kuna mpaka: katika mechi ya ova 50, timu ya pili ikiwa haijapata nafasi ya kupiga angalau ova 20, hakuna mshindi kabisa, katika mechi ya ova 20 mpaka huo ni ova 5.

Nayaandika haya kwa sababu kriketi yetu inakua. Mwaka 2025 vijana wa Tanzania wa chini ya miaka 19 walifuzu kwa mara ya kwanza kucheza Kombe la Dunia la umri wao. Mchezo huu umeshika zaidi Dar es Salaam, lakini ukipanda huku Nyanda za Juu Kusini utakutana na mvua inayoanza Novemba na kwenda hadi Aprili au Mei, na kule Rungwe hata kiangazi hakiaminiki. Toleo la jedwali halihitaji kompyuta. Linahitaji karatasi moja iliyochapwa na mwandishi wa alama ambaye, kila mchezo unaposimama, anaandika papo hapo ova zilizobaki, wiketi zilizoanguka na mikimbio iliyopo, na kuwaonyesha manahodha wote wawili kabla hawajaingia chini ya paa.