Vichwa vya treni vya dizeli vya zamani Marekani: dhana potofu na ukweli

Dhana: Rangi ikiwa mpya, kichwa ni kipya.

Kampuni za reli za mizigo mara nyingi hupaka rangi na kubadili namba kichwa kinapohamishwa au kuuzwa. Hata modeli iliyoandikwa chini ya dirisha la dereva isikuhadae. Chukua SD40-2 ya EMD (kampuni ya Marekani ya kuunda vichwa vya treni), iliyoanza kuundwa 1972: ekseli sita, silinda 16, nguvu za farasi 3,000. Baadhi ya SD40, modeli iliyotangulia, za miaka ya 1960 zilifungwa mfumo mpya wa umeme, kisha zikaandikwa SD40-2. Umbo ndilo linalosema kweli. Fremu ya SD40-2 halisi ni ndefu kuliko ya SD40 kwa takriban futi 3, na nafasi iliyoongezeka ikawa baraza (jukwaa la kusimama) pana mbele na nyuma ya boneti, yaani kasha linalofunika injini. Ukiona baraza fupi, hiyo ni SD40 iliyopewa jina jipya. Na ikiwa rejeta za nyuma zimetanuka kwa juu kama mabawa, ulichokiona ni SD45, iliyotoka kiwandani na silinda 20.

Dhana: GP38-2 na GP40-2, modeli nyingine za EMD, haziwezi kutofautishwa kwa macho.

Panda daraja la juu uhesabu feni kubwa za rejeta. GP38-2, yenye farasi 2,000 na isiyo na turbo (pampu inayosukuma hewa zaidi ndani ya injini), ina mbili. GP40-2, yenye farasi 3,000 na turbo, ina tatu. Angalia pia ekzosi: GP38-2 ina mbili nyembamba, GP40-2 ina moja kubwa.

Dhana: Moshi mweusi ni dalili ya uzee.

Hapa wengi huteleza. Turbo ya GE, mshindani wa EMD, huzungushwa na moshi wa injini peke yake. Dereva akiongeza mafuta, dizeli hufika kabla ya hewa ya kutosha, basi moshi hutoka mpaka turbo ishike kasi. Turbo ya EMD huanza kwa kuzungushwa na gia za injini. Moshi ukipata nguvu, klachi huiachia. Ndiyo maana SD40-2 kuukuu inaweza kuondoka ikiwa safi kuliko GE iliyoundwa miaka mingi baadaye. Tatizo lipo pale moshi mweusi unapoendelea ilhali injini haijabadilishiwa mwendo: huenda nozeli za mafuta zimechoka au chujio la hewa limeziba. Moshi wa bluu ni oili inayoungua, na kwa EMD isiyo na turbo si ajabu kuuona kidogo baada ya kunguruma saa nyingi bila mzigo.

Dhana: Pua pana (sehemu iliyo mbele ya kibanda cha dereva) na taa mbili za chini ni za vichwa vipya tu.

Taa hizo ni lazima tangu mwisho wa 1997 kwa kichwa kinachoongoza treni kwa zaidi ya maili 20 kwa saa kwenye makutano na barabara, kwa hiyo vikongwe navyo vilifungwa. Pua pana ilienea Marekani kuanzia miaka ya 1990, lakini kampuni ya reli ya CN ya Kanada ilikuwa nayo tangu 1973.

Dhana: Boneti ndefu (upande wenye injini) ikitangulia, kichwa kinarudi nyuma.

Si lazima. Kampuni za reli za Southern na Norfolk & Western ziliagiza vingi ambavyo boneti ndefu ndiyo mbele rasmi. Tafuta herufi F (front, yaani mbele) ubavuni: sheria inataka iandikwe karibu na upande wa mbele.