Kifua kinabana baada ya kuwekewa vipandikizi vya matiti: je, ninywe dawa ya kulegeza misuli?

Leo ni siku ya tatu tangu nifanyiwe upasuaji. Kidonda hakiniumi sana, ila kifua kinabana kama nimefungwa mkanda. Kwa nini?

Inategemea kipandikizi kimekaa wapi. Mara nyingi huwekwa chini ya msuli mkubwa wa kifua, ule unaoutumia kusukuma mlango mzito. Ili kipate nafasi, msuli huinuliwa na kwa kawaida sehemu yake ya chini hukatwa. Sasa umetanuliwa juu ya kitu kigeni, nao unakaza. Ndiyo maana asubuhi, ukijiinua kitandani kwa kiwiko, kifua kinakamata ghafla. Kipandikizi kikiwa juu ya msuli, mbano huu huwa mdogo.

Dawa ya kulegeza misuli itanisaidia?

Kwa mbano wa namna hiyo, inaweza, na baadhi ya madaktari huiandika kwa siku chache za mwanzo: diazepamu, methokabamoli au saiklobenzaprini. Lakini haiendi moja kwa moja kwenye kifua. Inafanya kazi kwenye ubongo na uti wa mgongo, kwa hiyo mwili mzima unalegea, usingizi unakuja na kichwa kinakuwa kizito. Usiendeshe gari, na usiamke usiku kwenda chooni bila mtu karibu.

Dada yangu ana vidonge vya mgongo nyumbani. Nikitumia hivyo?

Hapana, tafadhali. Hapa ndipo watu wanapoumia. Vidonge vingi vya misuli vinavyouzwa maduka ya dawa vimechanganywa na parasetamoli au diklofenaki (dawa za maumivu) ndani yake. Ukiongeza parasetamoli uliyopewa hospitali, unaweza kupita gramu 4 kwa siku bila kujua, na ini ndilo linaloumia. Diklofenaki nayo inaweza kuongeza kuvuja damu, jambo ambalo mpasuaji wako anapaswa kuliamua yeye.

Hatari kubwa zaidi ni kuchanganya dawa za kulegeza misuli na dawa kali za maumivu kama tramadoli, kodini na mofini, au na pombe. Pumzi inaweza kupungua ukiwa usingizini, na mtu asiamke. Tizanidini, dawa nyingine ya kulegeza misuli, pia haichanganywi na antibiotiki iitwayo siprofloksasini: presha inaweza kushuka vibaya. Peleka paketi zote kwa daktari au mfamasia azione, na umwambie kama unanyonyesha au una ugonjwa wa moyo.

Nifanye nini zaidi ya vidonge?

Lala chali, mito miwili mitatu mgongoni. Ukiamka, tumia miguu na tumbo, mtu akushike mgongoni, si mikono. Vaa sidiria uliyoelekezwa. Tembea taratibu ndani ya nyumba.

Nirudi hospitali lini?

Mara moja, titi moja likivimba haraka na kuuma kuliko lenzake, kwani huenda damu inavilia ndani. Pia ukipata homa, wekundu unaosambaa, usaha, mguu mmoja kuvimba au pumzi kubana. Kidonge cha misuli kisikufanye ulale na dalili hizi.

Titi likiwa gumu miezi au miaka baadaye, huenda ni utando wa kovu uliojikaza kuzunguka kipandikizi. Huo si msuli, wala kidonge hiki hakiutibu; mwone mpasuaji.