Injili ya Marko inaishia wapi?

Baadhi ya matoleo ya Biblia ya Kiswahili yameweka mabano kuanzia Marko 16:9 hadi 20. Wengi huyapita bila kuyaona. Wanaoyaona huja juu: nani kathubutu kuyafungia Maandiko kwenye mabano? Kwa kuwa kazi yangu ni uhakiki wa matini, yaani kulinganisha hati za kale za Agano Jipya, lawama hizo hunifikia mimi.

Injili aliyoiandika Marko mwenyewe haipo tena. Tulizo nazo ni nakala za nakala. Nakala mbili kongwe za Kigiriki zenye sura hiyo, Kodeksi Vatikano na Kodeksi Sinai (kodeksi ni kitabu cha kale cha kurasa za ngozi, kilichoandikwa kwa mkono), ni za karne ya 4, na zote zinaishia mstari wa 8: wanawake wanakimbia kutoka kaburini wakitetemeka, hawamwambii mtu neno, maana waliogopa. Basi. Mfufuka mwenyewe hajaonekana na mtu.

Ukurasa huo wa Vatikano unastahili kuangaliwa kwa makini. Picha zake zipo mtandaoni. Una safu tatu. Marko anamalizikia safu ya pili, ya tatu imeachwa tupu, na Luka anaanza ukurasa wa pili yake. Kwa kawaida mnakili huyu akimaliza kitabu huanza kingine kwenye safu inayofuata, maana ngozi ilikuwa ghali. Ndiyo maana wapo wanaosema aliijua ile mistari 12 akaiwekea nafasi. Lakini nafasi yenyewe haitoshi, labda aubane mwandiko, na safu tupu zipo pia katika Agano la Kale la kodeksi hiyohiyo. Mimi siijengei hoja.

Hoja naijengea mashahidi wasiofahamiana. Mwaka 1892, katika monasteri ya Mtakatifu Katarina huko Sinai, Agnes Smith Lewis alikuta Injili za Kisiria zilizofutwa, na juu yake zikaandikwa habari za wanawake watakatifu. Humo nako Marko anaishia mstari wa 8. Eusebio wa Kaisaria, askofu na mwanahistoria wa Kanisa wa karne ya 4, anasema nakala zilizo sahihi ziliishia hapohapo. Na kodeksi moja ya Kilatini iliyoko Turin ina hitimisho jingine kabisa, fupi. Watu hawahangaiki kukitungia miisho tofauti kitabu kisichopungukiwa na mwisho.

Hapo ndipo huambiwa: mbona nakala zaidi ya 1,000 zina hiyo mistari? Kweli, zinayo, ila nyingi ni za Zama za Kati na zimenakiliwa katika mkondo mmoja. Watu mia waliosikia habari kwa mtu mmoja ni shahidi mmoja.

Hata asiyejua Kigiriki anaweza kuuona mshono. Maria Magdalene ametajwa mara mbili katika sura ya 15 na tena 16:1. Ghafla mstari wa 9 unamtambulisha kama mgeni, yule aliyetolewa pepo saba. Wale wanawake waliokuwa wanakimbia je? Wameachwa njiani.

Hata hivyo mistari hiyo 12 si uzushi wa juzi. Ireneo, askofu wa Lyon, mnamo mwaka 180, alinukuu 16:19 akijua ni maneno ya Marko. Ni maandishi ya karne ya 2, na Kanisa limeyasoma tangu hapo. Sioni sababu ya kuyafuta. Ila kwa wengine jambo hili limekuwa la kufa na kupona. Huko Marekani mhubiri George Went Hensley aliuchukua mstari wa 18, unaosema waaminio watashika nyoka, neno kwa neno, akawa anashika nyoka ibadani, na mwaka 1955 akafa kwa kuumwa na mmoja wao.

Je, ukurasa wa mwisho ulipotea, au Marko aliamua kukomea pale? Wataalamu wamegawanyika. Mimi nasema aliamua. Mwenye ukoma katika sura ya 1 aliagizwa asimwambie mtu, akaenda kutangaza kila mahali. Katika sura ya 7 watu wanakatazwa kusema, na kadiri wanavyokatazwa ndivyo wanavyozidi kutangaza. Wanawake wa kaburini ndio wanaoambiwa waende wakaseme, nao wananyamaza. Mwandishi aliyeanza kulisuka jambo hilo tangu sura ya 1 hakuhitaji ukurasa mwingine.