Kosa la rubani si jina jingine la uzembe

Kila ndege inapopata ajali wakati wa kutua, redio za Kampala na vijiwe vya boda hutoa hukumu siku hiyohiyo: "Ni kosa la rubani." Anayesema hivyo huwa anamaanisha rubani alizembea. Sivyo. Kosa la rubani ni jambo alilofanya rubani, au aliloacha kulifanya, likachangia ajali. Basi. Hapo bado hujaambiwa kwa nini.

Mzembe anajua linalotakiwa na analipuuza. Aliyekosea anafanya lisilo sahihi huku akiamini ni sahihi, na mara nyingi chumba cha marubani chenyewe ndicho kilichomwaminisha hivyo. Tofauti hii ni ya zamani. Katika Vita vya Pili vya Dunia, marubani wa Marekani waliorusha ndege za kivita aina ya B-17 walikuwa wakishatua salama, wanakunja magurudumu badala ya mabapa ya mabawa (vipande vya nyuma ya bawa vinavyoteremshwa wakati wa kutua), na ndege inalalia tumbo. Mwanasaikolojia Alphonse Chapanis alipozichunguza swichi hizo mbili, alikuta zimepangwa jirani na zinafanana. Dawa ikawa kuvipa vishikio maumbo tofauti, kimoja kama gurudumu, kingine kama bapa. Hata leo, katika ndege kubwa zinazotua Entebbe, wenzo wa magurudumu una kichwa cha mviringo.

Mitambo ya kujiendesha haikuliondoa tatizo hilo, ililihamisha tu. Usiku wa tarehe 20 Januari 1992, Airbus A320 ya Air Inter ilikuwa ikishuka kwenda Strasbourg, Ufaransa. Kitufe kimoja cha kuzungusha kilitumika kuweka pembe ya kushuka na pia kasi ya kushuka, kutegemea hali iliyochaguliwa. Kidirisha kikionyesha -3.3, ni nyuzi 3.3. Kikionyesha -33, ni futi 3,300 kwa dakika, karibu mara nne ya mteremko uliohitajika. Maelezo ambayo wachunguzi waliyapa uzito zaidi ni kwamba marubani walikusudia pembe, mtambo ukafuata kasi. Ndege iligonga mlima, watu 87 wakafa. Baadaye kidirisha kilibadilishwa, kasi ikaandikwa kwa tarakimu nne. Kama ingekuwa uzembe mtupu, cha kubadilisha kingekuwa nini?

Sisemi marubani hawana lawama. Katika ajali ya ndege ya Asiana, shirika la Korea Kusini, huko San Francisco mwaka 2013, wachunguzi wa Marekani walisema wazi kwamba marubani waliusimamia vibaya mshuko na hawakuifuatilia kasi ipasavyo. Lakini ripoti hiyohiyo ilitaja ugumu wa mtambo unaoongoza nguvu za injini, uliokuwa katika hali ambayo haiilindi kasi, na maelezo hafifu kuuhusu katika vitabu na mafunzo.

Kwa hiyo, ndugu watangazaji, neno lenyewe endeleeni kulitumia. Ila mkishasema "rubani alikosea", ongezeni "kwa sababu", na kama sababu haijajulikana, semeni uchunguzi unaendelea.