Mtoto kaamka anachechemea, nyumba nzima inauliza nani kamwangusha

Wangu alikuwa na miaka minne na kitu. Ijumaa kacheza mpira uani mpaka giza, kalala mzima, Jumamosi asubuhi anashuka kitandani mguu wa kulia hataki kuukanyaga sawasawa, anachechemea, nikimuuliza wapi panauma anaonesha goti. Goti nimelikagua halijavimba, halina kidonda, halina joto. Basi sebule ikageuka mahakama, dada wa kazi akawekwa kati, ulimwangusha wapi, sema ukweli, na aliyekuwa anaendesha kesi ni mimi mwenyewe, nakiri.

Kwa hiyo naanza na hiyo hiyo, kwamba mtoto akichechemea lazima kuna mtu kamwangusha. Si lazima. Wanaoanguka wapo, ila kwa watoto wa kama miaka 3 hadi 10 sababu inayoongoza ya nyonga kuuma ghafla (ndiyo, nyonga, hata kama wangu alionesha goti, nitafika huko) ni utando wa ndani ya jointi kuvimba na maji kujaa kidogo, na mara nyingi inatokea siku chache baada ya mafua au kuharisha. Wangu mafua yalikuwa yamemtoka wiki ile ile na hakuna hata mmoja wetu aliyeyakumbuka, tulikuwa bize na mtuhumiwa. Hii inaisha yenyewe ndani ya wiki moja au mbili, anapumzika, anapewa dawa ya maumivu kwa kipimo cha kilo zake (paracetamol au ibuprofen, aspirini mtoto hapewi kienyeji), basi.

Ila msikimbilie kushangilia, maana siku ya kwanza inaweza kufanana na kitu kibaya kabisa, usaha ndani ya jointi. Bakteria wanafika pale kwa njia ya damu, bila kidonda chochote cha kuonekana, na ule usaha unakula gegedu, ule mfupa laini wa kwenye jointi, siku chache tu za kusubirisubiri zinatosha kumwachia mtoto nyonga mbovu ya maisha. Huyu wa usaha anakuwa na homa, kanyong'onyea, mguu kaukunja hivi na hataki mtu ausogeze, hata ukimbadilisha nepi tu analia kilio cha tofauti. Madaktari wana mambo manne wanayoyahesabu: homa zaidi ya nyuzi 38.5, kukataa kabisa kukanyaga, seli nyeupe za damu kuzidi 12,000, na kipimo cha damu kinachoitwa ESR, kinachoonesha kama kuna uvimbe mwilini, kuzidi 40. Kadiri yanavyokutana mengi ndo wasiwasi wa usaha unavyopanda, na ukithibitika ni thieta, jointi inasafishwa, anawekewa antibayotiki za mshipa. Amoxicillin ya duka la dawa hapo si tiba, inaficha tu ugonjwa siku mbili tatu halafu unarudi na hasira.

Sasa hiyo homa nayo ina kesi yake. Kwetu homa ni malaria, tumeshazoea, mtoto anapimwa kile kipimo cha kidole, kikisoma chanya kila mtu anapumua, dawa inaandikwa, mguu unasahaulika. Lakini kipimo kile kinaweza kuendelea kusoma chanya hata wiki kadhaa baada ya mtoto kutibiwa malaria ya mwezi uliopita, na hata kama malaria ipo kweli haimzuii mtoto kuwa na usaha mguuni pia. Malaria inaumiza viungo mwili mzima, haichagui mguu mmoja. Mwambieni daktari kuhusu mguu hata kama hajauliza, yaani mlazimisheni amvue suruali mtoto.

Halafu goti. Mimi ningeapa shida ni goti maana mtoto mwenyewe kaonesha goti, na kituo cha kwanza tulichoenda walipiga eksirei ya goti wakasema safi nendeni nyumbani. Daktari wa pili hata hakuligusa goti kwanza, alimlaza chali akauzungusha mguu kwa ndani taratibu, mtoto akaruka. Kumbe neva zinazopita kwenye nyonga ndo hizo hizo zinafika gotini, ubongo wa mtoto unachanganya anwani. Mtoto analalamika goti na goti liko safi, nyonga ikaguliwe, hii ningependa kila mzazi aijue.

Bibi yake, mama mkwe wangu, yeye alishampigia simu mchuaji kabla sijavaa. Mafuta ya nazi, maji ya moto, mguu "urudishwe". Mama nampenda na mikono yake imekanda watoto wengi, ila hapa nilimwomba kwa heshima asubiri. Ukikanda mfupa uliopata ufa unauongezea, ukikanda jointi yenye usaha unamtesa mtoto bure na muda unakwenda, na wale wanaofunga vijiti kwa kukaza sana wameshasababisha watoto kufa mguu kwa damu kutopita. Akasema sawa, ila mafuta aliyaacha mezani.

"Kama anakanyaga basi hajavunjika." Hii niliambiwa na jirani, na mimi nilikuwa naiamini. Watoto wanaoanza kutembea, tuseme miezi 9 mpaka miaka 3, wanapata ufa mwembamba kwenye mfupa wa ugoko kwa kujikwaa tu au kuteleza na mguu ukajizungusha, hakuna uvimbe wa maana, na wengine wanaendelea kutembea hivyo hivyo kwa kuchechemea. Na eksirei ya siku ile inaweza isioneshe kitu! Ukirudi baada ya siku kama 10 ndo unaonekana mfupa mpya unaojenga kuziba ufa. Kwa hiyo "picha iko safi" haimaanishi mtoto anajidekeza.

Mambo ya sindano naomba niyaseme vizuri maana yanachanganywa. Chanjo ya pajani hailemazi, mtoto anaweza kuuonea mguu uchungu siku moja mbili, inaisha, na paja limechaguliwa makusudi kwa sababu mbele pale hamna neva kubwa. Kilicholemaza watoto kweli ni sindano za matakoni, hasa zile za kwinini za zamani, ikikosewa inapiga neva kubwa inayoshuka mguuni na mtoto anabaki na unyayo unaoburuta. Mtu wa mtaani akitaka kumdunga mwanao takoni, kataa.

"Anakua huyo." Maumivu ya kukua yapo, ila yana tabia zake: miguu yote miwili, jioni au usiku, asubuhi mtoto anakimbia kama si yeye. Hayamfanyi achecheme mchana. Anayechechemea mguu mmoja wiki baada ya wiki ana kitu, iwe kichwa cha mfupa wa paja kukosa damu (inawapata zaidi wavulana, miaka 4 hadi 8 hivi), iwe TB ya nyonga hasa kama nyumbani kuna aliyekohoa muda mrefu, iwe saratani ya damu kama mtoto amepauka, anavilia damu ovyo na homa haziishi. Na sikoseli jamani. Tanzania ni kati ya nchi zenye watoto wengi zaidi wanaozaliwa nayo duniani na bado kuna watu wanasubiri mtoto aumwe mifupa ndo wapime.

Kumbeba mgongoni kwa kanga hakuharibu nyonga, kinyume chake, miguu ikiwa imetanuka vile kichwa cha mfupa kinakaa vizuri kwenye kikombe chake. Mguu uliolegea ghafla bila maumivu, hauna nguvu kabisa, huo ni mwingine, mpeleke siku hiyo hiyo na usishangae wakichukua choo chake mara mbili, wanatafuta polio. Malawi ilitangaza mgonjwa Februari 2022 na ndo maana mwaka ule walipita hapa nyumba kwa nyumba na matone.

Na kabla ya yote hayo geuza unyayo uangalie, funza, mwiba, kipande cha chupa, kiatu kimembana. Pandisha mkono kinenani, akiwa na mtoki ujue kuna kidonda huko chini. Mvulana mkague na korodani, ikijisokota haisubiri kesho.

Wangu wakampima damu, ikawa nzuri, altrasaundi ikaonesha maji kidogo nyongani, homa hana, tukarudi nyumbani na masharti: joto likipanda au akigoma kukanyaga turudi hata usiku wa manane. Siku ya sita alikuwa uani na mpira. Dada nilimwomba radhi, akasema hamna shida dada, lakini wiki nzima alikuwa hambebi mtoto mbele yangu.

Mwezi wa kumi ikarudi baada ya mafua, mguu wa kushoto safari hii, inawezekana kurudi. Nikampigia bibi yake. Akauliza, "Ana joto?"