Je, wajua kwa nini namba za simu hupoteza sifuri unapotoa anwani kwenye barua pepe?

Umetoa kitabu chako cha anwani kutoka Gmail, Outlook au Thunderbird, kisha ukalifungua faili kwa Excel ili uhakikishe kila mtu yumo. Majina yako sawa. Lakini namba iliyoanza na 0712 sasa inaanza na 712, na ile iliyokuwa na +255 imegeuka kuwa 2.55712E+11. Wengi hapo huilaumu programu ya barua pepe, nayo haina kosa. Faili lilitoka likiwa zima. Namba zimeharibikia kwenye Excel, na mpaka hapo bado zinaokolewa, mradi usihifadhi faili hilo.

Sababu iko kwenye umbo la faili lenyewe. Faili hilo ni la aina ya CSV, yaani maandishi matupu: kila mstari mtu mmoja, na mkato kati ya jina, barua pepe na simu. Hakuna mahali panapoieleza Excel kwamba safu fulani ni ya simu. Ikikutana na tarakimu tupu inazichukulia kuwa hesabu, na katika hesabu sifuri ya mbele haina thamani, wala alama ya kujumlisha. Alama za kunukuu hazisaidii, ingawa wengi hudhani zinalinda. Kazi yake ni kuzuia mkato ulio ndani ya maneno, kama "Kariakoo, Dar es Salaam", usihesabike kuwa mpaka wa safu.

Ile E+11 ina chanzo kingine. Kwa kawaida Excel huonyesha hesabu ya tarakimu zisizozidi 11. Zikifika 12 huifupisha kwa mtindo wa kisayansi. Sasa hesabu namba za kwetu. Tanzania, Kenya, Uganda, Rwanda na Kongo zina msimbo wa nchi wa tarakimu 3 na nyingine 9 baada yake, jumla 12, kwa hiyo zote zinanaswa. Burundi (257) na Oman (968) zina 3 na 8, jumla 11. Marekani ina 1 na 10, nayo 11. Ndiyo maana katika orodha moja utakuta namba ya binamu aliyeko Muscat imepoteza alama ya + tu, huku za Mombasa zote zikiwa zimekatwa. Namba zilizoandikwa kwa kuacha nafasi katikati mara nyingi husalimika, kwa kuwa Excel huziona kuwa maneno.

Hasara yenyewe huja ukihifadhi. Excel inapoandika CSV huandika kile kinachoonyeshwa kwenye seli, yaani 2.55712E+11, na si namba kamili iliyo nyuma yake. Fungua faili hilo tena na utakuta 255712000000. Tarakimu 6 za mwisho zimekwenda, na watu wako wengi wa 0712 sasa wana namba moja. Hakuna fomula ya kuzirudisha.

Majina nayo huumia, kwa sababu nyingine. Faili hizi mara nyingi huandikwa kwa usimbaji (namna ya kuhifadhi herufi) wa UTF-8, lakini Excel ikilifungua faili kwa kubofya mara mbili inaweza kulisoma kwa usimbaji wa zamani wa Windows. Hapo Ng’ang’a aliyeandikwa kwa alama iliyopinda anakuwa Ngâ€™angâ€™a, na André anakuwa AndrÃ©. Na kwenye kompyuta iliyowekwa Kifaransa, kama nyingi za Bukavu na Bujumbura, Excel hutarajia nukta-mkato badala ya mkato, hivyo kila kitu hujazana kwenye safu moja.

Kama ni lazima uipitie orodha kwenye Excel, usilibofye faili. Fungua kitabu kitupu, nenda "Data", kisha "From Text/CSV", uchague faili lako. Kwenye dirisha linalotokea weka "File Origin" iwe 65001: Unicode (UTF-8), "Delimiter" iwe Comma, na "Data Type Detection" iwe "Do not detect data types". Bofya "Load", na sifuri zote zitakuwa mahali pake. Juu kabisa utaona mstari wa Column1, Column2. Ufute kabla ya kuhifadhi, na uhifadhi kama "CSV UTF-8". LibreOffice Calc ni rahisi zaidi: dirisha la kuuliza hujitokeza lenyewe, nawe unachagua safu ya simu na kuipa aina ya "Text".

Kwa nakala ya akiba, hata hivyo, CSV si chaguo zuri. Chukua vCard, faili lenye mwisho wa .vcf. Ndani yake kila mtu huanza na BEGIN:VCARD na kuishia na END:VCARD, namba yake ikiwa kwenye mstari wa TEL. Inaweza kubeba picha, na simu nyingi huisoma moja kwa moja bila kupitia Excel. Kwenye Google, fungua contacts.google.com kwa kompyuta, bofya "Export", chagua vCard. Watu uliowaandikia bila kuwahifadhi wako ukurasa wa "Other contacts". Hao watoe peke yao.

Thunderbird ina vitabu zaidi ya kimoja, na hapa ndipo wengi hupoteza nusu ya watu. Bofya kila kitabu kwa kitufe cha kulia, "Collected Addresses" kikiwemo, uchague "Export". Orodha za vikundi haziingii kwenye vCard. Ukiwa nazo, funga programu kwanza, kisha nakili abook.sqlite na history.sqlite kutoka folda ya wasifu ("profile") ya Thunderbird. Ukizinakili programu ikiwa wazi unaweza kupata nakala pungufu. Kwenye Outlook ya Windows ya zamani ("classic"), pitia "File", "Open & Export", "Import/Export", na kwa akiba chagua .pst, aina ya faili ya Outlook yenyewe.

Kabla hujaiweka nakala kwenye flashi, ihesabu. Windows, fungua Command Prompt ndani ya folda hiyo uandike find /c "BEGIN:VCARD" anwani.vcf (anwani.vcf ikiwa jina la faili lako). Idadi utakayopata ilingane na ya watu walio kwenye programu.

Na kama umeshaingiza namba zilizokatwa kwenye Google? Kwenye contacts.google.com fungua mipangilio, chagua "Undo changes", urudi hadi saa kabla ya kosa. Una siku 30.