Ghorofa Halizibi Njia, Kinachoziba ni Ukuta

Ghorofa jipya likianza kuchimbiwa msingi Sinza, Mikocheni au Mwananyamala, jijini Dar es Salaam, malalamiko huwa yaleyale: foleni itaongezeka, maji yatapungua presha, majirani watachunguliwa uani. Mimi ni mpangamiji, na sehemu kubwa ya kazi yangu ni kusoma michoro ya majengo ya namna hiyo kabla hayajasimama. Idadi ya ghorofa huwa siiangalii mwanzo. Jicho langu huenda kwanza kwenye mstari mwembamba unaozunguka kiwanja, ule unaoandikwa "ukuta wa mpaka", halafu najiuliza: hapa watu walikuwa wanapita wapi?

Niseme mapema kwamba sina ugomvi na maghorofa. Sensa ya 2012 iliikuta Dar es Salaam na watu 4,364,541. Ile ya 2022 ikaikuta na 5,383,728. Watu milioni moja walioongezeka ndani ya miaka kumi lazima walale mahali, na afadhali walale ghorofa ya sita Kijitonyama kuliko kusukumwa Chanika, pembezoni mwa jiji, na kurudi mjini kila alfajiri kwa kubadilisha daladala. Ninachouliza ni kidogo tu. Ghorofa likishasimama, mtu aliyekuwa anatoka kwake kwa miguu kwenda kituoni, gengeni au shuleni, bado anapita?

Kariakoo huwachanganya wengi katika hili. Ukiitazama harakaharaka unaona majengo yamebanana, fuso linashusha mzigo katikati ya barabara, machinga wamepanga bidhaa hadi mlangoni mwa benki, unasema basi, maghorofa yameua mitaa. Hebu tazama ramani. Mitaa ya Kariakoo ilipimwa enzi za ukoloni, imenyooka na inakatana kwa pembe mraba, na viwanja vyake vilikuwa vidogo, vya kutosha nyumba moja ya Kiswahili: korido katikati, vyumba huku na huku, uani nyuma. Hasa kuanzia miaka ya 1990, nyumba hizo zilianza kubomolewa mojamoja na ghorofa kusimamishwa palepale nyumba ilipokuwa. Kiwanja hakikutanuka, kilipanda juu. Ndiyo maana, pamoja na vurugu zote, kona za zamani bado zipo. Mtaa wa Congo ukifurika watu wa kununua nguo za sikukuu hadi pasipitike, unakata kona ya kwanza, unatokea mtaa wa pili yake, safari inaendelea. Na chini ya kila jengo kuna fremu za maduka zinazotazama barabara, hakuna uzio. Tatizo la Kariakoo ni mzigo uliozidi barabara zake, na dawa yake ni maegesho, saa za kushusha bidhaa na mpangilio wa machinga. Muunganiko wa mitaa yenyewe haujaguswa sana.

Katika fani yetu muunganiko hupimwa. Tunahesabu njia panda zilizomo ndani ya kilomita moja ya mraba, tunajumlisha urefu wa barabara zote za eneo hilo, kisha tunalinganisha umbali anaotembea mtu na umbali wa mstari ulionyooka kati ya alikotoka na anakokwenda. UN-Habitat, shirika la Umoja wa Mataifa linaloshughulikia makazi, linapendekeza mitaa ichukue angalau asilimia 30 ya ardhi ya mji, na kila kilomita ya mraba iwe na kilomita 18 za barabara au zaidi. Ukipiga hesabu, hiyo ni barabara moja kila baada ya mita 110 hivi, pande zote mbili.

Mita zenyewe zina maana gani kwa mtu wa mtaani? Chukua kitalu chenye urefu wa mita 200 na upana wa mita 100, kina uchochoro unaokikata katikati. Anayekaa katikati ya upande mmoja mrefu anakwenda genge la upande wa pili kwa mita 100. Sasa ziba uchochoro. Atatembea mita 100 hadi kona, mita 100 nyingine kuuvuka upana wa kitalu, na mita 100 kurudi hadi gengeni. Jumla 300. Kwa mwendo wa kawaida wa mita 80 hivi kwa dakika, safari ya dakika moja na ushei imekuwa karibu dakika nne. Mwenye gari hasikii chochote. Mwenye ndoo ya lita 20 kichwani anasikia. Na mtoto wa darasa la pili ambaye uchochoro ulikuwa unamkinga na barabara kubwa, sasa anatembea kandokando ya Shekilango huku bodaboda zinampita kushoto.

Sinza na Kijitonyama zilizaliwa kwenye mradi wa viwanja na huduma wa miaka ya 1970, uliofadhiliwa na Benki ya Dunia, na viwanja vingi vilipimwa vidogo kwa ajili ya familia za kipato cha chini. Mjenzi wa leo anayetaka jengo la nyumba 40 zenye maegesho hawezi kulikalisha kwenye kiwanja kimoja cha namna hiyo. Ananunua vitatu, vinne, anaomba kuviunganisha viwe kimoja. Hapo ndipo ninapoweka kalamu chini na kutazama vizuri. Viwanja viwili vikiunganishwa mgongo kwa mgongo, au kimoja kikiruka kipenyo cha watu kupita kilichokuwa katikati, mtaa unapoteza mshono na hakuna aliyeuza barabara. Kwenye makaratasi imebadilika namba ya kiwanja tu.

Kwenye makazi yasiyopimwa mambo ni magumu zaidi. Manzese, Tandale, Mwananyamala, Hananasif, njia nyingi za miguu hazikuchorwa na mtu yeyote. Zilibaki. Huyu alipojenga aliacha hatua mbili kwa ajili ya maji ya paa lake, mwenzake akaacha mbili, watu wakapita hapo, na baada ya miaka kadhaa mtaa mzima unapita hapo. Hakuna hati inayoitaja. Wenyewe kila mmoja anajua nusu ni yake na nusu ni ya jirani, na kwa sababu wote wawili wanapita, hakuna anayedai.

Siku moja nilikuwa na mchoro mkononi wa jengo la ghorofa tano, eneo la namna hiyohiyo. Kwenye mchoro, pande tatu za kiwanja zimeandikwa neno moja tu, "jirani". Nilipofika, upande mmoja wa huyo "jirani" ulikuwa njia yenye upana wa kama mita moja na nusu, udongo umeshindiliwa hadi unang'aa, vizibo vya soda vimezama ndani yake, bomba la maji limejitokeza mgongo. Kwenye kona, ukuta wa nyumba ya zamani ulikuwa umechubuka usawa wa kiuno, lipu imeliwa hadi tofali linaonekana, mahali mikokoteni ya madumu inapokwaruza ikikata kona. Mama mmoja anauza vitumbua hapohapo, na hajaweka meza pale kwa bahati mbaya. Mpima alikuwa ameweka bikoni zake, zile alama za mpaka, sawasawa kabisa. Kazi yake ilikuwa mipaka, na mchubuko wa ukutani si mpaka.

Njia kama ile hufungwa kwa awamu. Kwanza yanakuja mabati ya ujenzi, na watu wanaambiwa wavumilie, ni ya muda. Wanabanana pembeni. Kisha tofali, kisha nyaya za umeme juu ya ukuta, na geti moja linalotazama barabara ya lami. Waliokuwa wanapita hawapotei, wanahamia uchochoro wa jirani. Uchochoro ule uliozoea familia sita sasa unabeba mtaa, pamoja na pikipiki. Mwenye nyumba ya pembeni anavumilia mwezi, miwili, anaibiwa ndala au ndoo barazani, anaweka kigeti cha kufunga usiku. Baada ya muda kinafungwa na mchana. Ghorofa moja linaweza kufunga njia tatu bila kugusa mbili kati ya hizo, ndiyo maana sikubali hoja ya "ni kiwanja chake, anafanya anavyotaka".

Kuna na maji. Uchochoro ndio mtaro wa makazi yasiyopimwa. Mvua za masika zikishuka, maji yanafuata walikopita watu kwa sababu ndiko palipoachwa wazi na kuinamia bondeni. Ukuta wa tofali ukisimama pale bila tundu la maana chini yake, nyumba ya juu inapata ziwa uani. Nimeshuhudia mjenzi akiongeza tundu baada ya mafuriko ya kwanza. Maji yakapata njia, watu hawakupata.

Sipendi kumchora mjenzi kama mtu mbaya. Benki inayomkopesha inataka kiwanja kisicho na mtu mwingine anayekidai. Wanunuzi wake wanauliza ulinzi kabla ya kuuliza ukubwa wa sebule, na kwenye matangazo ya nyumba ukuta na geti vinauza kama lifti inavyouza. Jambo ambalo wengi hawalijui ni kwamba akishaanza kuuza nyumba mojamoja, mkono wake unakatika. Chini ya sheria ya 2008 ya umiliki wa sehemu za majengo, maeneo ya pamoja kama uwanja na njia za ndani ni mali ya wenye nyumba wote. Kuja kuwaomba wenye nyumba 40 wafungue kipenyo ambacho hawajawahi kukiona ni kazi ya kukata tamaa. Njia inaokolewa kwenye mchoro au haiokolewi.

Na kuiokoa si ghali kama inavyodhaniwa. Kwa vyovyote mjenzi anatakiwa kuacha nafasi kati ya jengo na mpaka wa kiwanja. Nafasi hiyo mara nyingi inaishia kuwekwa matangi, mashine ya umeme na majani makavu. Njia ikipitishwa hapo, kinachosogea ni ukuta, jengo linabaki lilipo. Tuseme kiwanja kina kina cha mita 50 na tunaomba kamba ya mita 2.5 pembeni. Hiyo ni mita za mraba 125, sawa na maegesho ya magari matano hivi ukihesabu na nafasi ya kugeuzia. Akigeuza fremu mbili tatu zitazame njia hiyo, kodi yake inafidia, na mwenye duka anakuwa jicho ambalo kamera haiwezi kuwa. Uchochoro unaotisha ni ule wenye kuta ndefu tupu pande zote mbili. Wenye muuza chipsi na taa hauogopwi na mtu.

Wenzetu wa Nairobi wanalipia tatizo lililopinduliwa. Kilimani na Kileleshwa zilianza na nyumba za chini kwenye viwanja vikubwa, mitaa michache na mirefu. Majengo marefu yalipokuja, kila kiwanja kiligeuka kijiji chenye geti lake, wakazi wakaongezeka mara nyingi, na wote wanamiminika barabara zilezile za Argwings Kodhek na Ngong. Huko viwanja vikubwa vingeweza kuzaa vipenyo vipya kabisa kama kila mmoja angeachia kidogo. Nafasi ya namna hiyo huku kwetu tunaiona zaidi kwenye ardhi ya umma. Magomeni Kota, ambako Wakala wa Majengo alijenga nyumba za kaya 644 zilizozinduliwa mwaka 2022, ni mfano wa eneo ambalo lote liko mkononi mwa mmiliki mmoja, hatua chache kutoka barabara ya mwendokasi. Hakuna wakati rahisi wa kuchora mitaa kuliko ule ambapo mwenye kalamu ni mmoja na eneo liko wazi.

Sheria haikukaa kimya. Sheria ya Ardhi ya 1999 ina sehemu nzima kuhusu haki ya njia, na haki hiyo inaweza kusajiliwa juu ya ardhi ya mtu binafsi bila kumnyang'anya kiwanja. Shida ni usimamizi. TARURA, Wakala wa Barabara za Vijijini na Mijini iliyoanzishwa 2017, inatunza barabara zilizo kwenye orodha yake, na uchochoro wa mita moja na nusu haumo. Mipango miji wanaangalia mchoro ulioletwa, na mchoro umeandikwa "jirani". Hivi sasa mlinzi pekee wa njia hizi ni mtu anayezipita.

Kwa hiyo ukiona mabati yamezungushwa mtaani kwako, nenda ofisi ya serikali ya mtaa wiki hiyohiyo, kabla nguzo hazijaota. Uliza kama kuna maombi ya kuunganisha viwanja au kubadili matumizi. Uliza mchoro wa kiwanja unaonyesha nini upande ule mnakopita, na maji ya masika yamepangiwa kwenda wapi. Andikeni barua kwa mkurugenzi wa manispaa kupitia kwa mtendaji, nakala idara ya mipango miji, isainiwe na mjumbe na wenye nyumba za pande zote mbili, wakitaja njia ilianza kutumika lini. Ambatanisheni picha za njia zilizopigwa saa kumi na mbili na nusu asubuhi, watoto wa shule wakiwa wanapita. Picha za mchana, njia ikiwa tupu, hazina kazi.